Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Meno ya Watoto Wetu wa Shule

Ndugu wanachama, asalaam aleikum. Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo.

Mahesabu atayasoma mhazini, sitamwingilia. Fedha nyingi ziliishia kwenye miswaki na dawa ya meno, na tunawashukuru wenye maduka wa Ngamiani waliotuuzia kwa bei ya jumla. Tumezunguka shule za msingi hapa Tanga mjini hadi upande wa Mwambani, tukishughulika na darasa la awali, la kwanza na la pili.

Kilichotushughulisha zaidi ni gego la miaka sita. Linaota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, basi wazazi wengi hulihesabu pamoja na yale 20 ya utotoni. Likitoboka, wanasema, "Si litang'oka liote jingine?" Halioti jingine. Hilo ndilo la maisha, na juu yake lina vijifereji ambamo uji na biskuti hujibana, ndiyo maana huwahi kuoza. Tuliwafundisha watoto kulitafuta kwa ulimi, kisha kwa kioo kidogo. Wakaligeuza mchezo, sasa wanakaguana wenyewe wakati wa mapumziko.

Langoni mwa shule kuna ubuyu wa rangi, ashkrimu za vifuko, visheti na peremende. Wapo waliotaka tuwafukuze akina mama wanaouza. Nisingekubali: meza ile ndiyo daftari na sare za watoto haohao. Tulichofanya ni kuwaeleza watoto kwamba vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi, na asidi hulila jino mpaka mate yaipunguze makali, jambo linalochukua kama nusu saa. Kwa hiyo anayemumunya peremende tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho anaumia kuliko aliyekula kashata yake mara moja baada ya chakula. Baadhi ya akina mama wameongeza karanga na matango, na yanauzika.

Kwenye vikao vya wazazi, swali lililojirudia ni la floridi, madini yaliyomo kwenye dawa ya meno. Watu wameona madoa ya kahawia kwenye meno ya ndugu zao wa Arusha na Kilimanjaro, wakaiogopa dawa ya meno. Madoa yale hutokana na maji ya kunywa yenye floridi nyingi mno kutoka kwenye miamba ya volkano, mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanajengeka ndani ya fizi. Dawa kiasi cha punje ya mbaazi kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, akaitema, hailingani na hayo. Na akishatema, asisukutue kwa kikombe cha maji. Hiyo kidogo inayobaki ndiyo inayolinda jino.

Suala la "meno ya plastiki" nalo halijaisha. Kichanga akiharisha au akipata homa, watu husema uvimbe ulio kwenye fizi zake ndio "meno ya plastiki" yanayomuumiza, basi fizi zinakatwa kuyatoa. Ule uvimbe ni chonge linalojiandaa kuota. Tuwaambie jirani zetu: mtoto apelekwe hospitali atibiwe homa yake, fizi ziachwe.

Walimu wa madrasa wametusaidia kuliko nilivyotarajia. Watoto tayari hufundishwa mswaki wa mti kabla ya kutawadha; wao wakaongeza namna ya kuutafuna mpaka nyuzi zilainike, na kuufikisha hadi upande wa ndani. Tukakubaliana: wa mti mchana, wa dawa ya meno usiku.

Sasa pendekezo la kamati. Sherehe ya tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, ilipendeza, ngoma zikapigwa na picha zikapigwa. Tunaomba fungu lake lipunguzwe, liende kwenye kupiga mswaki shuleni kila siku baada ya uji, dakika mbili, mwalimu akiimbisha. Mswaki wa usiku ni wa mzazi. Mtoto wa chini ya miaka saba mkono wake bado haujakomaa, asiachiwe peke yake. Najua wapo watakaosema sherehe ndiyo inayovuta wafadhili. Wana hoja, nao wasikilizwe kabla hatujapiga kura.

Ila kuna shule zisizo na bomba karibu na madarasa. Kwa hiyo naomba kwanza mafundi waliomo humu watuambie ndoo zenye koki, pamoja na vigoda vyake, zitagharimu kiasi gani.