Mmesifu tulipu, mkasahau pampu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala mliyochapa kuhusu safari ya meli ndogo kwenye mifereji ya Uholanzi na Ubelgiji majira ya machipuko ilipambwa kwa picha nzuri, na aliyeiandika anaonekana aliipenda safari yake. Mimi na mke wangu tulipita njia hiyohiyo mwezi Aprili, kutoka Amsterdam hadi Ghent. Nimetumikia pampu za maji mpaka nikastaafu, kwa hiyo nilisikitika kuimaliza makala nzima bila kukutana na neno pampu hata mara moja.

Sibishani na sifa za bustani ya Keukenhof. Ni hekta 32 pale Lisse, Uholanzi, na kila vuli hupandwa matunguu ya maua (yale mashina ya chini ya ardhi yanayofanana na kitunguu) yapatayo milioni 7 kwa ajili ya kufunguliwa kwa wiki nane hivi tu, kuanzia Machi inapoelekea mwisho hadi katikati ya Mei. Mke wangu alizimaliza njia zote za bustani ile na bado akataka kurudi kwenye hayasinti za buluu. Lakini msomaji wenu ataondoka akiamini kwamba Uholanzi imejaliwa maua kama nyingine zilivyojaliwa dhahabu. Hapana. Sehemu kubwa ya ardhi ile imetolewa majini, na isipofanyiwa kazi usiku na mchana itarudi majini.

Hata yale mashamba ya tulipu yenye mistari ya rangi ni kazi ya maji. Maji ya mitaroni hupimwa na kushikiliwa kwenye kimo kinachofaa matunguu, maana yakipanda mizizi inaoza na yakishuka mchanga unakauka. Kiangazi, baada ya mavuno, wakulima wengine huyafunika mashamba kwa maji wiki kadhaa ili kuwaua minyoo wadogo wanaokula mizizi, kisha wanayatoa yote. Fikiria umakini unaotakiwa hapo! Mtu anagharikisha shamba lake kwa makusudi, na jirani yake halowi.

Mashariki ya Lisse kuna mfereji uitwao Ringvaart, unaozunguka lililokuwa ziwa la Haarlemmermeer. Ukisimama kwenye tuta lake unaona maji upande mmoja, na upande wa pili, chini kabisa, mashamba na nyumba za watu. Mwaka 1836 dhoruba mbili zililisukuma ziwa hilo mpaka karibu na Amsterdam, kisha upande wa Leiden, na subira ya Waholanzi ikaisha. Mwaka 1849 injini tatu kubwa za mvuke zilikuwa kazini, na kufikia 1852 ziwa la hekta zipatazo 18,000 lilikuwa limekauka. Uwanja wa ndege wa Schiphol, ambako watalii wengi wa safari hii hushukia, umo ndani ya ziwa hilo, zaidi ya mita tatu chini ya usawa wa bahari. Watu wanavuta mabegi yao mahali walipoelea samaki, na hakuna anayewaambia.

Moja ya injini hizo, Cruquius, sasa ni makumbusho karibu na Haarlem. Silinda yake ina kipenyo cha mita 3.66. Ilikuwa ikiendesha pampu nane kwa pamoja, na pigo moja liliinua lita 64,000. Aliyewahi kuhangaika kuinua maji kimo cha ghorofa moja atanielewa nikisema kwamba nilibaki pale mpaka mlinzi alipokuja kufunga milango. Ratiba ya meli yetu haikuwa na kituo hicho. Tulikwenda wenyewe kabla ya kupanda.

Mwandishi wenu alilalamika pia kwamba meli ilipoteza muda kwenye malango ya maji. Hapo ndipo tulipoachana kabisa. Meli inaingia kwenye chemba ya zege, lango linafungwa nyuma yake, vali zinafunguliwa, na chombo chote pamoja na wapishi na vyombo vyao kinapanda taratibu hadi kimo cha maji ya mbele. Hakuna injini inayokiinua: maji yanatelemka yenyewe kutoka juu kwenda chini, na kutelemka kwake ndiko kunakopandisha meli. Baada ya hapo yanakuja madaraja ya chini, chumba cha nahodha kinashushwa ndani ya sitaha kwa haidroliki, na abiria tunaambiwa tukae. Meli kubwa za baharini haziwezi kupita huko. Mimi sikukosa hata lango moja, hata usiku.

Kijiji cha Kinderdijk mlikitaja, kwa ajili ya picha. Vinu vyake 19 vya upepo, vingi vikiwa vya miaka ya karibu na 1740, ni pampu. Havikusaga nafaka.

Bruges ya Ubelgiji, tuliyoifikia kwa basi kutoka Ghent, ni kisa cha kinyume. Mji ule ulitajirika kwa mkono wa bahari ulioitwa Zwin. Mchanga ukajaa humo kidogo kidogo, meli zikashindwa kufika, na wafanyabiashara wakahamia Antwerp. Majumba mliyoyasifu yamesalia kwa kiasi kikubwa kwa sababu fedha za kuyabomoa na kujenga mapya zilikwisha ondoka pamoja na meli.

Na Zeeland, jimbo la pwani la Uholanzi, mmeipita kwa sentensi moja. Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953 matuta ya kuzuia bahari yalivunjika na watu 1,836 wakafa Uholanzi. Kutokana na msiba huo ndipo lilipojengwa zuio la mkono wa bahari wa Oosterschelde, lililozinduliwa mwaka 1986. Lina malango 62 ya chuma, ambayo kwa kawaida huachwa wazi ili maji ya chumvi na viumbe wake wapite, na hufungwa bahari inapotishia. Kijana aliyetuongoza alilieleza haraka haraka, watu wakinywa kahawa.

Waholanzi wana mabaraza ya maji, mengine yana mizizi ya karne ya 13. Mwananchi hulipa kodi yake ya maji na kupiga kura kuwachagua wanaosimamia tuta na mtaro wake. Kwa mtazamo wangu hilo lingestahili ukurasa mzima wa gazeti lenu kuliko picha ya jibini.

Anayepanga kwenda achague wiki za katikati hadi mwisho wa Aprili, tulipu zinapokuwa nyingi mashambani, maana baadaye wakulima hukata vichwa vya maua ili nguvu ibaki kwenye tunguu. Na kabla ya kulipa, aiulize kampuni ya meli ni kituo gani cha pampu kimo kwenye ratiba. Kama hakuna, adai.

Fundi mstaafu wa mitambo ya maji