Kabla Kaka Elieza hajarudi kundini

Leipzig, 20 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ujumbe wa sauti wa Kaka Elieza nimeupata, na orodha ya michango ya sherehe ya Kaka kurudi kundini kanisani nimeisoma: hema, muziki, ng'ombe, vitenge vya ukoo. Mimi nimepangiwa laki nane. Naandika kwa sababu kwenye simu tutakatizana maneno. Msomee Kaka yote, usiruke kitu.

Kwanza pokeeni habari njema: nimefaulu mtihani wa serikali wa uuguzi! Miaka mitatu ya mafunzo kwa Kijerumani, na sasa natia sahihi mwenyewe kwenye mafaili ya wagonjwa. Hata vijana waliozaliwa hapahapa wananifuata kuniuliza habari za dawa. Baba mkubwa aambiwe, maana ndiye aliyesema nakuja huku kuogesha vikongwe tu. Baridi na zamu za usiku tumeshazoea.

Leo huku ni sikukuu, Siku ya Toba na Sala. Majimbo mengine ya Ujerumani yaliiondoa kwenye siku za mapumziko mwaka 1995, watu wafanye kazi ili kufidia waajiri gharama ya bima mpya ya kutunza wazee. Jimbo letu la Sachsen peke yake liliibakiza, na kwa sababu hiyo sisi wafanyakazi wa hapa tunakatwa zaidi kwa ajili ya bima hiyo. Asubuhi nimekaa kanisani nikiwaza: hawa wanalipia siku ya toba kila mwezi kwenye mshahara, sisi toba tunataka tuchangiwe.

Mama, machozi ya Kaka nayaamini. Tangu alipoacha pombe namshukuru Mungu, na najua ulivyofunga na kuomba kwa ajili yake. Lakini kibanja cha Mama mdogo, shamba lake la migomba, kiko wapi? Matanga ya Baba mdogo hayajapoa, Kaka akakiuza. Leo mjane amepanga chumba Hamugembe, na migomba aliyoipalilia kwa mikono yake anakata mtu mwingine. Nimeisoma orodha yenu mara mbili nikitafuta jina lake. Halimo, hata kwenye walioalikwa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Bibi alitusimulia uamsho wa kanisa, ule wa watu kuokoka na kutubu hadharani, ulivyotoka Gahini, Rwanda, miaka ile ya 1930, ukapita Kigezi, Uganda, hadi ukafika kwetu Buhaya. Aliyeokoka alikuwa anabeba jembe aliloiba anakwenda nalo mchana kweupe, anagonga mlango wa mwenyewe na kusema, hili ni lako. Ndiko kutembea nuruni. Askofu Josiah Kibira alikuwa mtu wa uamsho huohuo, na ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, 1977 hadi 1984. Wajerumani wa usharika wetu huwa nawaambia kwa sauti kwamba huyo ni wa kwetu Bukoba! Nimefika hata Wittenberg, kwenye mlango wa kanisa wenye zile hoja 95 za Luther za mwaka 1517. Hoja ya kwanza kabisa inasema Bwana Yesu alipotuambia tubuni, alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Maisha yote, Kaka, si Jumapili moja yenye hema.

Najua utanijibu kwa mwana mpotevu, kwamba baba alimkimbilia akiwa angali mbali, na ndama akachinjwa. Kweli, na Mungu amekukimbilia wewe vilevile, sina shaka. Lakini yule kijana alitapanya urithi wake mwenyewe. Wewe ulitapanya wa mjane. Msome Zakayo: alisimama akasema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Baada ya hapo ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo. Mimi ni mdogo wako, nasema nikiwa nimepiga magoti.

Kwa hiyo laki nane za hema sitatoa. Nitatoa milioni mbili za kibanja, Kaka akiuza lile gari na kuongeza zake. Baba mkubwa aitishe kikao na aliyenunua. Akikataa kuachia, Mama mdogo atafutiwe kingine kisichopungua hicho. Na kabla ya kikao, Kaka aende Hamugembe peke yake, bila mchungaji, bila mtu wa kupiga picha, akamwombe radhi. Akishafanya hivyo, Jumapili ya kwanza ya Majilio asimame mbele ya usharika arudi kundini, nami huku nitafunga siku hiyo kwa ajili yake.

Senene najua wameanza. Harufu yake nimeitamani wiki nzima hii. Akipatikana mtu wa kuja huku, nifungieni kopo moja, wakaangwe wakauke kabisa. Na wewe Mama usiache dawa ya presha.

Kaka akishafika kwa Mama mdogo nitumieni ujumbe hata usiku wa manane. Hela nitaituma kwa Baba mkubwa siku hiyohiyo.

Mwanao akupendaye,
Neema