Hina ilimvunja damu mwanangu, na harusi inakuja

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Mwanangu wa kiume ana miaka 3. Idi iliyopita bibi yake alimpaka hina viganjani na nyayoni, akamvisha kanzu iliyolala sandukuni na vidonge vya naftalini. Kesho yake mtoto akalegea. Siku ya tatu mkojo mweusi kama kahawa, macho manjano. Tulidhani malaria, kipimo kikakataa. Hospitalini akaongezewa damu usiku uleule.

Daktari aliuliza amekula nini, amemeza dawa gani, amepakwa nini. Hapo nikataja hina. Akatueleza kuwa chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, lakini za mwanangu zina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinachozilinda, na zikikutana na vitu fulani hupasuka. Hina imo, naftalini imo, na dawa kama primakwini na dapsoni. Kipimo cha G6PD tulikirudia baada ya miezi 3, maana damu ikiwa ndiyo kwanza imevunjika, chembe changa huweza kudanganya. Kikathibitisha.

Nyumbani najitahidi. Naftalini nimetupa. Kadi yake ya kliniki nimeiandika kwa wino mwekundu, naionyesha duka la dawa kabla ya kununua chochote. Mkojo wake nautazama kila asubuhi.

Linalonishinda ni mkwe wangu. Daktari alisema mvulana huirithi hali hii kwa mama. Mume wangu akalifikisha neno hilo kama lilivyo, na tangu hapo naambiwa nimeleta damu mbovu. Wala si ubovu: imeenea sehemu zenye malaria kama huku kwetu pwani kwa kuwa humpunguzia mtu makali yake. Hina hataki kusikia. "Sisi tumepakwa tangu utotoni, nani kafa?"

Mwezi ujao wifi yangu anaolewa. Hina itatwangwa hapahapa uani, watoto wote watapakwa. Na mama huyu anampenda mjukuu wake, Shangazi. Hospitalini alilala sakafuni kando ya kitanda. Nahisi hakubali kwa sababu akikubali ni hina, atakuwa amekubali ni mkono wake.

Nimwambieje bila kumtwisha mzigo huo? Nimwombe daktari aseme naye, au nimpeleke mtoto kwa mama yangu Pangani hadi harusi ipite? Na binti yangu wa miezi 5, nimpime kabla ya siku hiyo?

Mama wa wawili,
Tanga