Ziara pepe zinazorefusha sebule: barua ya malalamiko kwa kampuni ya nyumba Mwanza

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Mauzo na Upangishaji wa Nyumba (jina tumeliacha katika nakala hii ya wazi),
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: VIPIMO VISIVYO SAHIHI NA PICHA ZILIZOBANDIKWA KATIKA ZIARA PEPE ZA NYUMBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika kwa niaba ya wanunuzi watatu, wawili wakiwa Dar es Salaam na mmoja Muscat, waliowalipa fedha ya kushikilia nyumba baada ya kuzitembelea kwa ziara zenu za uhalisia pepe, yaani picha za nyuzi 360 ambazo mtu huzunguka nazo ndani ya nyumba kwa simu au kwa miwani maalumu. Nyumba moja iko Nyegezi, ya pili mlimani Isamilo, ya tatu Luchelele kando ya ziwa. Kazi yetu ni kupima na kukagua majengo. Nyumba zote tatu tumezipima kwa futi kamba na kipimio cha leza, ziara zenu zikiwa wazi kwenye simu chumba kwa chumba. Ziara pepe zenyewe hatuna ugomvi nazo. Mtu aliye Muscat hawezi kupanda ndege kila dalali anapompigia. Ugomvi wetu ni jinsi mnavyozitengeneza.

Tuanze na Nyegezi, maana huko kosa liko wazi kuliko kwingine. Kwenye ziara, sebule inasomeka futi 20 kwa 16. Futi kamba inasema 15 kwa 12. Kwa eneo, mnatangaza futi za mraba 320 mahali penye 180. Mtu angedhani ni kosa la kuandika, lakini kosa la kuandika halifuati uwiano. Gawanya 20 kwa 15, kisha 16 kwa 12: jibu ni lile lile, 1.33. Chumba masta, jiko, stoo na korido vimezidi kwa kiasi hicho hicho. Mkitaka kuhakikisha bila kutoka ofisini, fungueni kifaa cha kupimia kilichomo ndani ya ziara yenu, mpime mlango unaotoka sebuleni kwenda koridoni. Ni mlango wa kawaida wa futi 3 kwa 7. Ziara inausoma futi 4 kwa futi 9 na inchi 4. Marumaru za sakafuni, ambazo ni za sentimita 40 kwa 40, zinasomeka 53.

Chanzo ni namba moja. Kamera yenu ni ya lenzi mbili za nyuzi 360, isiyo na leza wala kihisi kingine cha kupima umbali. Programu ya kamera ya aina hiyo haijui ukuta uko wapi, inakisia. Inachukua pembe kutoka usawa wa lenzi kushuka hadi ukuta unapokutana na sakafu, kisha inakokotoa umbali kwa kutumia urefu wa lenzi kutoka chini. Pembe ikiwa nyuzi 45 na lenzi iko mita 1.2, ukuta uko mita 1.2. Ukiidanganya programu kwamba lenzi iko mita 1.6, itakuambia ukuta uko mita 1.6, na haina namna ya kujua kuwa imedanganywa. Ndicho kilichotokea Nyegezi. Mpangilio wa programu ni mita 1.6, tripodi (stendi ya miguu mitatu inayobeba kamera) ilisimama mita 1.2, na 1.6 ukigawanya kwa 1.2 unapata ile 1.33.

Tunajuaje tripodi ilikuwa mita 1.2 na hatukuwepo? Katika picha ya nyuzi 360 iliyosawazishwa, mstari wa katikati hukata kila kitu kwenye urefu ule ule wa lenzi. Kwenye picha zenu za Nyegezi mstari huo unapita juu kidogo ya kitasa cha mlango na chini ya swichi ya taa. Tumepima mahali hapo ukutani: sentimita 120. Kioo cha bafuni nacho kinawasaliti, kwa kuwa lenzi inaonekana ndani yake ikiwa kwenye usawa huo huo.

Kosa hilo haliishii kwenye namba. Anayevaa miwani ya uhalisia pepe akiwa amesimama hupima ukubwa wa chumba kwa urefu wa macho yake mwenyewe, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Picha ikipigwa kutoka mita 1.2, akili yake inaichukulia kama mita 1.6 alizozoea, na chumba cha futi 10 humjia kama cha futi zaidi ya 13. Dari nayo inapanda. Mteja anatoka ofisini kwenu akisifia nafasi, halafu siku ya kuhamia kochi la watu watatu linaziba mlango wa korido. Kwenye simu mmeongeza jambo la pili: ziara inafunguka kwa uwanja wa kuona (upana unaoonekana kwa wakati mmoja) wa nyuzi 120, unaosukuma kuta mbali na kuvuta pembe za chumba. Wekeni kati ya nyuzi 75 na 90, anayetaka kuona zaidi ageuze mwenyewe.

Dawa yake haina gharama. Simamisheni tripodi kati ya mita 1.5 na 1.6, pimeni kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi katikati ya lenzi (si hadi kichwa cha tripodi, wengi hukosea hapo), kisha andikeni namba hiyo hiyo kwenye programu. Kabla ya kukunja vifaa, pimeni mlango mmoja na marumaru moja ndani ya ziara na mlinganishe na vya kweli. Tofauti ikizidi asilimia 2, rudieni. Nyumba ya bei kubwa ipigwe kwa kamera yenye leza.

Sasa sakafu. Nembo yenu mmeibandika chini ya kila picha ili kuficha miguu ya tripodi, na kila mtu hufanya hivyo. Lakini nembo yenu inachukua nyuzi 30 kila upande kutoka chini kabisa. Kwa lenzi iliyo mita 1.2, hilo ni duara la karibu mita 1.4 katikati ya chumba. Miguu ya tripodi yenye upana wa sentimita 60 inahitaji nyuzi 14 tu. Chini ya nembo ya sebule ya Nyegezi kuna marumaru sita zilizoachana na saruji. Ukizigonga zinalia tupu, na mbili zimepasuka. Hatusemi mliziweka pale kwa makusudi. Tunasema mnunuzi hakuwa na njia ya kuziona.

Mshono nao. Lenzi mbili zinakutana pembeni, na kitu kilicho karibu na kamera, hasa chini ya mita moja, huvunjika pale picha zinapounganishwa: fremu ya mlango inapinda, mstari wa marumaru unaruka. Watazamaji wameshazoea kasoro hizo na wanazipuuza. Chumbani Nyegezi, mshono umeangukia kona yenye ufa unaopanda kutoka dirishani hadi kwenye jipsamu. Mteja aliuona ule mstari akadhani ni kamera. Elekezeni lenzi moja kwenye kona na madirisha, mshono uangukie ukuta mtupu. Na picha ziwe na ukubwa wa kutosha kuonyesha ufa: picha yenu ya pikseli 3840 kwa upana inampa mwenye miwani pikseli kama 960 tu kwa robo ya duara anayoitazama kwa wakati mmoja. Hapo ufa wa milimita 2 hauonekani. Pikseli 7680 ndiyo iwe kiwango cha chini.

Isamilo tutasema mambo mawili. La kwanza ni dirisha la chumba cha mashariki, ambalo ndani ya ziara linaonyesha ziwa na jua likizama. Jua la Mwanza halizami mashariki. Nje ya dirisha lile kuna jabali na ukuta wa jirani, na wingu lile lile la machweo tumelikuta kwenye dirisha la nyumba yenu nyingine. Tunaelewa tatizo la kiufundi: ukiweka mwanga wa kutosha chumbani, dirisha huungua likawa jeupe. Suluhisho ni kupiga picha tano za mwanga tofauti kutoka sehemu moja na kuziunganisha, dirisha lionyeshe kilichopo. Kubandika ziwa ni kuuza kisichokuwepo. Andikeni pia upande wa kaskazini kwenye kila picha, kwa sababu hapa karibu na ikweta kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazobeba joto, na mnunuzi anahitaji kujua chumba cha kulala kimeelekea wapi.

La pili ni njia. Ziara inaanzia barabarani, ukibonyeza mara moja uko sebuleni. Katikati mmeruka ngazi zinazopanda kati ya majabali, ambazo hakuna gari linaloweza kuzipita. Anayejua Isamilo anajua maana yake: boza la maji halifiki kwenye tanki, mtungi wa gesi na mifuko ya saruji vinapanda begani, mgonjwa anashushwa kwa kubebwa. Kwa nyumba ya mlimani, njia ni sehemu ya nyumba. Pigeni picha kila baada ya mita 3 kutoka gari linapoishia hadi mlangoni, msisawazishe mteremko ukapotea, na mwandike idadi ya ngazi. Mkiwa hapo, ongezeni video ya sekunde kumi ya bomba la juu kabisa likifunguliwa bila pampu. Mlimani, presha ya maji inaamua bei kuliko rangi ya ukuta.

Luchelele mnaitangaza kama nyumba ya ufukweni. Kutoka ukuta wa jiko hadi ukingo wa maji tumepima mita 41. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na popote ndani ya ziara, hata kwa maandishi madogo, hakuna neno juu ya hilo. Hakuna picha ya bikoni (jiwe la mpaka) hata moja, kwa hiyo mpaka wa kiwanja haujulikani. Banda la chini lina alama ya maji ukutani, nayo imekatwa kwenye picha. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia kiwango cha juu kilichokuwa kimewekwa 1964, na nyumba za kando ya maji zinapaswa kuonyeshwa hilo likiwa akilini. (Kifaa chenu cha kupimia, kwa kuwa kinadhani ardhi yote ni tambarare hata inapoteremka, kinasoma umbali huo wa mita 41 kama mita 16. Hapo mmejipunja wenyewe. Kizimeni kwa picha za nje.)

Kwenye ziara hiyo hiyo zinaonekana picha za watoto wa mpangaji ukutani, cheti chenye jina kamili, na namba ya usajili ya pikipiki barazani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Fifisheni leo.

Kuhusu matumizi yenyewe, kwa kifupi. Ziara ya Luchelele ina vituo 34 (sehemu kamera iliposimama) vya takriban MB 9 kila kimoja, na inapakua vyote kabla ya kufunguka: zaidi ya MB 300 za bando la mteja kabla hajaona hata geti. Katakateni kila picha vipande vya pikseli 512, ipakiwe picha ndogo kwanza na vipande anavyovitazama tu. Wekeni vitufe vya kugeuza picha kwa kidole, maana simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu (kihisi kinachotambua simu inapogeuzwa) na picha haifuati kichwa. Ondoeni mwendo wa kuteleza kutoka chumba hadi chumba. Unaleta kichefuchefu, mteja arukie kituo kinachofuata. Na miwani ya pale ofisini irekebishwe kwa umbali kati ya mboni mbili za macho ya kila anayeivaa, sifongo yake ifutwe kwa dawa kabla ya kumpa mwingine.

Tunachodai ni hiki. Wanunuzi wote watatu warudishiwe fedha ya kushikilia nyumba ndani ya siku 14, pamoja na ada ya kutazama ziara. Kifungu chenu cha "fedha hairudishwi" hakiwezi kusimama pale ambapo kilichoonyeshwa hakipo; Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ziara za Nyegezi, Isamilo na Luchelele ziondolewe hadi zipigwe upya. Ziara nyingine zote zikaguliwe kwa kipimo cha mlango, kazi ambayo kijana mmoja anaifanya kwa dakika chache kwa kila nyumba, na zilizozidi ziwekewe tangazo la wazi mwanzoni. Siku 14 zikipita bila jibu la maandishi, malalamiko haya na vielelezo vyake tutayapeleka Tume ya Ushindani, na yale ya picha za mpangaji tutayapeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Tumeambatanisha jedwali la vipimo vya vyumba vyote, picha za skrini zenye mstari wa katikati, na picha za marumaru zilizo chini ya nembo. Mpiga picha wenu akitaka kubisha, tutamkuta Nyegezi siku atakayopanga. Aje na tripodi ile ile.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakaguzi wa majengo, kwa niaba ya wanunuzi
Nyamagana, Mwanza

Nakala: Wanunuzi wahusika