Barua kwa Mwanaidi: hii C ya kemia

Reading, Uingereza, Jumapili usiku

Mwanaidi shosti,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Haya, nimemaliza, Ticha Mbonde angenipa tiki. Bibi hajambo? Na mguu je? Mwambie dawa ya kuchua nimeipata, nitampa Mama Rehema akija huko Desemba. Kassim usimsalimie, anajua alichofanya.

Sasa sikiliza kilichoniweka macho saa hizi. Makisio ya walimu ya alama zetu za mwisho yametoka. Historia A, Fasihi ya Kiingereza A, Kemia C.

Nyinyi mna raha yenu. Mnafanya mtihani Mei, matokeo Julai, mnaomba chuo alama ziko mkononi, mtu hana la kubishana na Baraza la Mitihani, NECTA. Huku maombi yanafungwa katikati ya Januari, wakati mtihani wenyewe ni Mei na Juni na matokeo Agosti. Kwa hiyo chuo kinakupima kwa alama ambazo hujazipata. Mwalimu kakaa, kakuangalia, kakisia. Wakikutaka wanakwambia tutakuchukua endapo utapata hizi na hizi, halafu wewe unasubiri Agosti roho juu.

Na sheria ninayotaka kuisoma ndiyo hivyo tena, kila mtu anaitaka. LSE na UCL, vyuo vikuu vya London, wanadai A ya nyota, ile ya juu kuliko A, na A mbili. Vyuo vya kati vina huruma kidogo, na vingine hushusha sharti kwa mtu aliyetoka shule au mtaa wa hali ya chini, lakini C ni C, inakaa pale kwenye fomu kama ilivyo. Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata kimoja kati yao kinachohitaji kemia! Hata somo la sheria lenyewe la shule hawalidai. Wanataka mtu anayeweza kusoma ukurasa mgumu akauelewa, kisha akaandika hoja ikasimama. Hiyo kemia unajua ilivyoingia, ulikuwa kwenye simu siku ile Baba anasema mfamasia halali njaa.

Nilimfuata mwalimu wa kemia. Si mtu mbaya, ila ana roho ngumu. Akafungua kompyuta yake, akanionyesha majaribio yangu yote, akasema hawezi kuandika B bila ushahidi, nikifanya vizuri mtihani wa majaribio wa Desemba tutazungumza. Desemba! Shule inataka fomu zetu zote zikamilike mwisho wa Novemba. Nikamwambia hivyo, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari. Nimesoma kwamba kuna utafiti wa mwaka 2016, wa mwanauchumi Gill Wyness, uliokuta ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata sawasawa na walivyokisiwa, na robo tatu walikuwa wamekisiwa juu. Robo tatu, Mwanaidi. Wenzangu nchi nzima wanapewa makisio ya kujipongeza, mimi nimemwangukia mkweli.

Halafu yuko mshauri wa shule, ambaye alinipa kikombe cha chai na kuniambia nifikirie kriminolojia badala ya sheria, eti ndiyo inayolingana na "picha nzima" ya alama zangu. Nimeomba samaki, napewa mchuzi. Sina ubaya na kriminolojia, lakini mimi sitaki kujua kwa nini watu wanaiba. Nataka kujua mjane anayefukuzwa nyumbani afanye nini Jumatatu asubuhi.

Nyumbani ndiyo usiseme. Baba kagundua kwamba tangu 2021 njia ya kuwa wakili huku imebadilika, kuna mitihani inaitwa SQE, na ukiwa na digrii yoyote ile unaweza kuifanya pamoja na miaka miwili ya kazi za sheria. Digrii yoyote! Alivyofurahi. "Basi soma famasia kwanza, sheria itakungoja." Shangazi naye kwenye spika kutoka Dar akaleta ile habari ya Law School mwaka 2022, wanafunzi 633 na waliofaulu moja kwa moja 26. Nikamwambia Shangazi, hiyo ni shule ya mawakili wa huko, mimi niko Reading. Akasema sheria ni sheria. Mama hakusema kitu, alikuwa anakuna nazi, lakini baadaye aliniletea chakula chumbani, na wewe unamjua Mama, hiyo ni kura.

Kuna jambo moja tu linalonipa pumzi, LNAT. Ni mtihani wa kuingia sheria kwa baadhi ya vyuo, na mimi naufanya mwezi ujao. Maswali 42 ya kuchagua jibu kutoka kwenye vifungu 12 vya kusoma, halafu insha ya dakika 40. Hawaulizi sheria yoyote. Wanakupa kifungu kuhusu, sijui, kodi ya sukari, wanauliza mwandishi amechukulia nini bila kukisema. Shosti, hiyo si ndiyo kazi tuliyokuwa tunaifanya barazani kwa Bibi, kusikiliza umbea na kupima nani kaficha nini? Na insha hawaitii alama, inapelekwa vyuoni kama ilivyo, waisome wenyewe. Pale kemia haina mdomo.

Ndiyo nakuja kwenye shida yangu kwako. Kwenye fomu siku hizi si insha moja ya kujieleza tena, ni maswali matatu, herufi 4,000 kwa yote pamoja na nafasi. La tatu linauliza umefanya nini nje ya masomo kujiandaa. Wenzangu wana wajomba wenye ofisi London, wameshinda humo wiki nzima wakitoa nakala za karatasi. Mimi nina ile asubuhi ya Agosti tuliyokaa Mahakama ya Mwanzo na Mjomba Hamza, ile kesi ya mirathi. Unakumbuka? Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, anaongea mpaka basi, karatasi mkononi, na yule mke mdogo wa marehemu kimya. Hakimu akamwacha kaka amalize yote, kisha akamuuliza kitu kimoja kuhusu hesabu ya mali, na mtu mzima akaanza kutafuta maneno. Mzee wa baraza mmoja aliyekaa na hakimu alikuwa anasinzia, akafumbua macho hapo hapo. Na kila kitu kwa Kiswahili, hata yule bibi wa ubuyu aliyekaa mlangoni alifuata kesi kuliko mimi.

Niliandika yote kwenye lile daftari la kijani nililokuachia. Nataka maneno ya hakimu hasa, na alichojibu yule mke mdogo alipoulizwa mwisho. Nakumbuka nusu nusu, na sitaki kutunga, kwa sababu wakiniita kwenye mahojiano watanichimba. Nipigie picha kurasa zote za siku ile, hata zenye michoro yako ya kijinga pembeni. Majina ya wahusika sitayatumia, mwambie Mjomba asiwe na wasiwasi. Na mwambie pia asinirudie hadithi ya wanafunzi 14 wa sheria walioanza nacho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale mtaa wa Lumumba mwaka 1961, naijua kwa moyo.

Nimeamua vyuo vyote vitano niombe sheria. Viwili vya juu, viwili vya kati, kimoja cha kuangukia. Kriminolojia siweki. Wakati mwingine naona huo ni ujasiri, wakati mwingine, kama sasa hivi saa saba usiku, naona... basi tu. Ile C ingekuwa B nisingekuandikia barua yote hii, ningekutumia emoji.

Haya niambie. Ungekuwa wewe ungeweka viwili vya juu au ungeweka kimoja na kuongeza cha kati? Nimwombe mwalimu wa historia aandike kwenye barua yake ya kunipendekeza kwamba kemia si yangu, au hiyo ni kuonyesha kidonda? Baba nimwonyeshe fomu kabla sijaituma? Mjomba anaweza kunikumbusha nani alipewa usimamizi mwishoni, au kesi iliahirishwa tena? Na wewe je, HGL yako, historia, jiografia na Kiingereza, inaendaje, na chuo bado ni Mlimani tu au umeanza kuangalia Mzumbe? Jiografia imekuachia? Yule wa Chumbageni bado anapita na baiskeli?

Daftari liko kwenye droo ya chini, chini ya vitenge vya Bibi. Picha nitumie kabla ya Ijumaa, tafadhali, na upige mchana, taa ya chumba chako inaficha mistari.

Wako,
Zuhura