Muuza unga afungwe, mgonjwa apelekwe dirishani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuwa vita dhidi ya dawa za kulevya imetushinda, na kwamba suluhisho ni kuzihalalisha: serikali itoe leseni, ikusanye kodi, magendo yajifie yenyewe. Namwelewa anakotoka. Sisi tunaoishi na tatizo hili ndani ya nyumba zetu hapa Tanga tumechoka kuliko yeye. Lakini jibu alilotupa silikubali.

Tumeshaonja kilevi kikali kilichouzwa kihalali, kwa bei ya chini, kila kona. Viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, vilikuwa na leseni na vilitoka viwandani vinavyojulikana. Na vilikaa dukani kando ya pipi na biskuti, kijana wa bodaboda akikata ncha ya pakiti kwa meno asubuhi kabla hajawasha pikipiki, na wanafunzi wakivificha kwenye soksi. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na sikumsikia mzazi hata mmoja akivililia. Mwenzangu ataniambia gongo imekatazwa miaka nenda rudi na bado inapikwa. Kweli inapikwa. Lakini haiko kwenye kila genge la mtaa kama vilivyokuwa viroba, na tofauti hiyo imeokoa watoto. Leo tuweke unga, yaani heroini, kwenye rafu ileile?

Unga haumpi mtu nafasi ya kuchagua. Mtoto wa kaka yangu aliuanza akiwa kijana mdogo, akifanya vibarua vya kupakua samaki pale Deep Sea, kwenye mwalo wetu wa samaki. Mwanzo alichanganyiwa kwenye bangi, kile wanachokiita kokteli, tena bure. Kufika wakati wa kulipa, mwili ulikuwa hautaki tena kukaa bila kete, kile kipakiti cha unga. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilipomshika ilianza na miayo mfululizo, machozi yanamtoka bila kulia, kamasi, vinyweleo vimesimama na jua la saa saba linawaka. Baadaye tumbo, kuhara, na miguu ambayo alisema inachomwa kwa ndani ya mfupa. Mtu wa namna hiyo haogopi sheria wala haulizi bei. Kwetu ilianza kupotea sufuria, ikafuata koki ya bomba la uani. Duka lenye leseni lingemuuzia mtu huyu kila siku mpaka azikwe, na risiti lingempa.

Kwa hiyo muuzaji abaki kuwa mhalifu. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inafika hadi kifungo cha maisha kwa wasafirishaji, na mimi sioni kuwa ni kali mno. Heroini inayotufikia inatoka Afghanistan, inateremshwa hadi pwani ya Iran na Pakistan, inavushwa bahari kwa majahazi. Mkoa wetu una ukanda mrefu wa pwani na bandari bubu nyingi. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na dawa nyingine kwa mwezi mmoja. Mzigo wa namna hiyo una wenye fedha nyuma yake, watu wasiowahi kulala na arosto hata usiku mmoja. Hao wasakwe.

Ugomvi wangu ni pale sheria inapomwacha huyo wa tani na kumwangukia teja, yaani mraibu, wa mtaani.

Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na huduma ikaja ikafika kwetu, Bombo, hospitali ya mkoa. Kwa wasioijua: ni dawa ya maji, hunywewa mbele ya muuguzi. Unafika dirishani, unatajwa jina, unakunywa kikombe chako palepale, unashushia maji, kisha muuguzi anakusemesha kidogo ahakikishe umemeza na hukuibana mdomoni ukaiuze nje. Kikombe hicho kinazuia arosto siku nzima. Ikiwa dozi imepatikana sawasawa hailevyi, mtu anatoka pale anakwenda kazini. Kijana wetu amenenepa, amerudi kupokea simu za mama yake, na kaka yangu, ambaye aliapa hatamwona tena, sasa anamwachia funguo za nyumba. Asubuhi akirudi ananiambia, "Shangazi, shikamoo, nimeshakunywa," na mimi nafanya shughuli zangu kwa amani.

Kisha ukapita msako. Alikamatwa alfajiri akiwa njiani kwenda kunywa dawa, mfukoni hana kete wala sindano, ana kadi yake ya kliniki. Alijulikana kwa sura ya zamani, basi. Kituo sitakitaja. Nilikwenda na ile kadi nikawaeleza kuwa huyu ni mgonjwa, dawa yake hairukwi, nikaambiwa nisubiri. Alikaa ndani siku kadhaa bila dozi. Alipotoka, Bombo hawakuweza kumrudishia kipimo chake cha awali, na walikuwa sahihi, maana mwili uliokosa dawa siku hizo unaweza kuzidiwa na dozi uliyoizoea. Ikabidi aanzie chini apandishwe polepole. Siku hizo arosto inamrudia, na mapusha, wauza unga wa mtaani, wanajua. Walimfuata hadi barazani kwetu. Akirudi kwenye unga wakati huo, kwa kiasi alichokizoea zamani, anaweza asiamke. Ndivyo mateja wengi wanavyokufa, wametoka mahabusu au jela, wamejidunga ileile ya mwanzo.

Nauliza: msako ule ulimpunguzia nani unga? Serikali inatoa dawa kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili inamzuia mgonjwa asiifikie.

Msomaji mwenzangu alitoa mfano wa Ureno. Mfano huo haumsaidii. Ureno haikuhalalisha dawa za kulevya. Tangu Julai 2001, anayekutwa na kiasi cha matumizi yake kisichozidi cha siku kumi hapelekwi mahakamani, anapelekwa mbele ya jopo dogo la watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, na akiwa mraibu anaelekezwa kwenye tiba. Kuuza ni jinai mpaka leo. Uswisi nako, ambako tangu 1994 waraibu walioshindikana kwa tiba nyingine hupewa heroini, wanapewa na daktari ndani ya kliniki. Jimbo la Oregon kule Marekani lilipiga kura mwaka 2020 kuacha kuwashtaki watumiaji, lakini tiba ikachelewa kufika, watu wakabaki mitaani na unga wao, na mwaka 2024 jimbo likarudisha adhabu. Mimi nasoma hapo kwamba kumwacha mgonjwa bila pingu kunafaa pale tu ambapo kuna dirisha la kumpokea.

Mirungi na bangi sitaki kuviingiza hapa. Najua pale mpakani Horohoro mtu anavuka hatua chache na mirungi inageuka kutoka zao la biashara upande wa Kenya na kuwa kosa la jinai upande wetu, na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mwaka 2018 mtu mzima avute bangi faraghani. Vijadiliwe kwa wakati wake, lakini visitumike kuupitishia unga mlango.

Kuna wanaosema mateja walijitakia. Nawasikia hata kwenye misiba yao. Wanaojidunga wanashirikiana sindano, na maambukizi ya VVU kwao ni mara kadhaa ya yale ya watu wazima kwa jumla, ambayo utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 uliyakuta ni asilimia 4.4. Wana wake, wana waume, wana watoto wanaonyonya. Hata asiyewaonea huruma aangalie hapo.

Ninachoomba si kikubwa. Polisi wa mkoa na uongozi wa Bombo wakae meza moja wakubaliane kwamba mwenye kadi ya methadoni akikamatwa kwa kosa lolote, kituo kinapiga simu kliniki na anapelekwa kunywa dozi yake siku hiyohiyo, chini ya ulinzi kama ni lazima. Akishtakiwa kwa wizi, ashtakiwe akiwa amekunywa. Pili, madirisha yaongezwe. Kutoka Pangani hadi Bombo ni takriban kilomita 50, na hii ni dawa ya kila siku: kibarua gani wa Pangani, au wa Mkinga, atalipa nauli hiyo ya kwenda na kurudi mwaka mzima? Wabunge wetu waliulize hilo kwenye bajeti ya afya. Mwenzangu anayetaka leseni za unga namkaribisha asubuhi yoyote Bombo, akae benchi moja na wale vijana, awaulize kama wangetaka duka.

Shangazi wa Makorora,
Tanga