Kamba Iliyokatika Matterhorn: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza kama ile kamba ya Matterhorn, mlima wa Alps mpakani mwa Uswisi na Italia, ilikatwa kwa makusudi wapandaji wanne walipoanguka wakafa. Mzee Peter Taugwalder, mmoja wa waongoza njia wao, alishukiwa hivyo, lakini uchunguzi ulimwondolea lawama. Kamba ilikatika yenyewe.

Tarehe 14 Julai 1865, Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walikuwa na kamba za aina tatu: kama mita 60 za manila, mita 45 za nyingine nene zaidi, na zaidi ya mita 60 za kamba nyembamba, ya akiba. Wakati wa kushuka, hiyo nyembamba ndiyo iliyofungwa kati ya Taugwalder na mpandaji Lord Francis Douglas. Mpandaji mwingine, Hadow, kijana wa miaka 19, aliteleza akamgonga mwongoza njia Croz aliyekuwa chini yake. Uzito wao ukamng'oa mwenzao Hudson, kisha Douglas. Taugwalder akajikita mwambani, kamba ikakaza, ikakatika. Wanne wakaporomoka kama mita 1,200. Kinachokera ni kwamba kamba imara walikuwa nayo.

Manila si katani yetu ya Tanga. Nyuzi zake hutoka kwenye mmea wa jamii ya mgomba, wa Ufilipino. Ina nguvu, ila hainyumbuki sana, hivyo mtu akianguka, kishindo chote huishia kwenye kamba na kwenye kiuno chake. Wakati ule walijifunga kiunoni tu, bila mikanda ya mapajani. Ukining'inia hivyo, pumzi hubanwa upesi. Manila ikilowa huvimba, mafundo yakawa hayafunguki. Ikiganda kwa baridi haikunjiki kabisa.

Ubaya wake mkubwa hauonekani: huoza kwa ndani huku nje ikiwa nzima. Ndiyo maana ilipaswa kusokotolewa hapa na pale, nyuzi zilizosokotwa pamoja zitenganishwe, katikati patazamwe. Ukikuta unga wa nyuzi au harufu ya uvundo, ndiyo basi tena.

Nailoni, iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, haiozi namna hiyo, nayo hunyumbuka na kupunguza kishindo. Lakini ikiwa imekaza, ukingo mkali wa jiwe huikata, jua huichosha, na tindikali ya betri huila bila kuacha alama ya kuonekana. Kwa hiyo ile kamba uliyopewa, iliyokaa miaka kwenye buti la gari, usipande nayo hata mara moja. Fungia mizigo.

Mama yako